Machujio ya Bi Waya

Bi Waya hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiketi, goti lake moja lilitikisika chini ya meza, na ukiweka kikombe cha chai juu ya meza hiyo, chai ilicheza mpaka ikamwagika kwenye kisahani. Mumewe, fundi wa kupanga vigae, alikwisha kuzoea. Alikunywa chai yake amekishika kikombe mkononi.

"Mke wangu," alimwambia, "wewe ni kuku anayetaka kutaga na hajaona kiota."

Wiki ile kiota hakikuwapo kweli. Mtoto wao wa kwanza, waliyemwita Kinda kwa jinsi alivyofungua mdomo kila akisikia hatua za mama yake, alikuwa halali mchana. Alilala kidogo begani, akilazwa tu anaamka, na akiamka ni kilio. Na kwenye kona ya chumba, juu ya kiti cha mbao, aliketi mama yake Bi Waya akimtazama mjukuu wake kama mtu anayetazama chakula cha watu wengine.

Huyu mama alikuwa amepasuliwa koo. Ugonjwa ulipona, sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono mdogo, wa kutumiwa kwa uangalifu kama chumvi ya mwisho kwenye kopo. Alipotaka mtu aliigonga bilauri kwa kijiko: kugonga kwa haraka ni kumwita binti yake, kugonga polepole ni kumwita mkwe, na kugonga mara moja tu, kwa nguvu, maana yake "nyamazeni". Mkwe akiingia jioni na saruji magotini, akasema, "Shikamoo, mama," jibu lilikuwa kijiko kwenye bilauri, ting, na tabasamu.

Lakini mama huyo hakumbeba mtoto. Ukimpa, alimpokea, akamtazama kidogo, akamrudisha. Bi Waya alidhani ni uchovu wa hospitali. Siku moja alimuuliza waziwazi, na mama yake akamvuta karibu, mdomo sikioni.

"Watoto wote niliowalea, niliwaimbia," alinong'ona. "Huyu nikimbeba kimya ananishangaa. Mimi ni mgeni kwake. Mpe mtu anayesikika."

Mama yake alikuwa ameimba maisha yake yote. Kabla ya ugonjwa alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, akimimina magunia juu na kupokea unga chini, na wateja walisema unga wake unatoka na nyimbo ndani. Alilaza wanawe kwa wimbo mmoja, alilaza wa jirani kwa huohuo, na hata paka wa nyumba ile aliujua.

Kisha kaka yake Bi Waya, dereva wa lori mwenye sauti ya kuzibua masikio, akapiga simu.

"Jumamosi nakuja kumchukua mama."

"Kumchukua kwenda wapi, kaka?"

"Kwangu. Chumba nimeshampakia rangi. Ya kijani, anayoipenda. Kwako huko mtoto analia kutwa, mtu katoka kupasuliwa atapumzika saa ngapi?"

"Mama amekwambia anataka kuja?"

"Mama hasemi, mdogo wangu. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Lakini hajakataa."

Bi Waya alikata simu, akageuka. Mama yake alikuwa amesikia kila kitu, maana kaka akiongea simuni hata ukuta unasikia. Hakugonga bilauri. Aliinama, akauvuta mkoba wake kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Alikunja polepole mno, kama mtu anayesubiri kuambiwa aache, na Bi Waya alijua kumwambia tu "usiende" hakutoshi. Mama haondoki mahali anapojiona ana faida. Anaondoka akijiona mzigo.

Hapo ndipo alipokumbuka kinasa sauti.

Inafaa kwanza kueleza jina la Bi Waya lilikotoka. Bi Waya alifanya kazi kwenye studio ndogo iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Hapo walirekodi matangazo ya maduka, kwaya, na watu waliotaka kusikia sauti zao angalau mara moja kabla hawajafa. Aliingia pale kufagia na kuchemsha chai. Akaishia kuzungusha nyaya shingoni kama mwingine avaavyo mkufu, akipanda na kushuka ngazi, na jina likaganda. Aliyemfundisha kazi alikuwa fundi mkuu wa studio, mzee mmoja mpole aliyeitwa Masikio, ambaye alivaa vifaa vya kusikilizia kichwani hata akila.

Kwenye kompyuta ya Masikio hakukuwa na maandishi ya kutisha. Kulikuwa na visanduku vilivyounganishwa kwa nyuzi. Kisanduku kimoja kinaleta sauti, kingine kinaipunguza, kingine kinaichuja, cha mwisho kinaipeleka kwenye spika. Ukitaka sauti ipite, unavuta uzi kutoka huku mpaka huku. Usipotaka, unaukata. Bi Waya alilielewa jambo hilo upesi kwa sababu ndivyo alivyoielewa nyumba yoyote aliyoingia: nani ameungwa na nani, na uzi upi umekatika. Masikio alipopata kompyuta mpya, ile ya zamani akampa yeye aende nayo nyumbani akajifunze. Ilikuwa nzito kama tofali na ikipata moto ilikohoa.

Sasa, zamani kidogo, kabla ya koo la mama kuanza kuuma, Bi Waya alipitia kule kwenye mashine ya kusaga akiwa na kinasa cha studio mfukoni. Alitaka kukijaribu tu. Akakiweka juu ya gunia, mama yake akiwa kazini anaimba wimbo wake wa kulaza watoto, hana habari. Ndiyo sauti pekee ya mama iliyobaki duniani. Shida ni kwamba ilibaki pamoja na mashine. Ukiifungua unasikia mvumo, mzito, wa kutikisa meno, na ndani yake kwa mbali mwanamke anaimba kama aliyefungiwa ndani ya pipa.

"Nataka kumtoa mama humo," alimwambia Masikio kesho yake, mtoto mgongoni, anatembea huku na huko mbele ya meza. "Niitoe mashine, abaki yeye. Mtoto awe anasikia bibi yake."

Masikio alisikiliza kipande kile macho yamefungwa.

"Kaa kwanza, unanizungusha kichwa."

"Nikikaa ataamka."

"Basi simama." Alivua vile vya kichwani, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Machujio unayajua. Lipo la kupitisha sauti za chini na kuzuia za juu. Lipo la kupitisha za juu na kuzuia za chini. Lipo la kupitisha katikati tu, na lipo la kutoboa, linaloondoa sehemu moja nyembamba na kuacha pande zote mbili. Jaribu yote, moja moja. Lakini sikia. Chujio halina akili. La jikoni halijui majani ya chai ni yapi, linajua kubwa na dogo. Na hili halijui mama ni nani na mashine ni nani. Linajua juu na chini tu."

"Nitaliambia mimi."

"Haya. Ukilitii sana sikio lako utafika. Ukilitii sana jicho, utapotea."

Ijumaa asubuhi mumewe alipoondoka kwenda kupanga vigae vyake, Bi Waya aliisogeza kompyuta dirishani, akaunganisha spika, akaanza kujenga. Kisanduku cha kuleta wimbo, akautegesha urudierudie. Chini yake akapanga machujio manne yakiwa yamesimama sambamba kama watoto kwenye foleni ya maji, na chini ya hayo kitufe cha kuchagua: ukibonyeza la kwanza sauti inapita kwa la kwanza, ukibonyeza la pili inapita kwa la pili. Hivyo ungeweza kuyalinganisha wimbo ukiwa uleule, bila kusahau la kwanza lilisema nini.

La kupitisha chini lilikuwa la kwanza, na lilimpa mashine tupu. Mama alizama kabisa, kama mtu aliyefunikwa magodoro.

"Wewe kaa pembeni," Bi Waya aliliambia.

La kupitisha juu lilianza vizuri. Alisogeza mpaka wake taratibu, na ule uzito wa mvumo ukapungua, ukapungua, na mama akasogea mbele. Lakini kadiri mashine ilivyopungua, ndivyo mama naye alivyokonda. Kifua chake kikaondoka. Ikabaki sauti ya puani, ya kwenye kopo la bati, na mvumo wenyewe haukuisha, ulipandisha tu sauti zake nyembamba ukaendelea kuzomea nyuma. Alilibadilisha, akaweka la mteremko mpole, lile linalopunguza kidogo kidogo kama mlima wa kwenda na punda. Mama akarudi na kifua chake. Na mashine nayo ikarudi, imekaa palepale. Akaweka la mteremko mkali, linalokata wima kama genge la mlima. Hilo lilikata kweli, ila pale kwenye ukingo lilikuwa likiacha mlio, kila neno la mama likiisha linafuatwa na kitu kama sufuria iliyogongwa.

Kinda alianza kulia. Bi Waya alimtoa kitandani, akambeba, akawa anasogeza vitufe kwa mkono mmoja.

Lile la kupitisha katikati lilimfanya mama awe kama anapiga simu kutoka nchi nyingine. Afadhali, aliwaza, likibanwa zaidi. Akalibana. Akalibana tena. Hakujua, au alijua akasahau kwa haraka yake, kwamba chujio ukilibana kupita kiasi linaacha kuchuja linaanza kuimba lenyewe. Spika ilitoa mluzi mmoja mkali uliopasua nyumba. Kinda aliruka begani. Kijiko kule chumbani kiligonga bilauri mara moja, kwa nguvu.

Jirani, mama mmoja mshonaji asiyependa kupitwa na jambo, alichungulia dirishani na sindano mdomoni.

"We Bi Waya, umeanza kuchinja vyuma?"

"Samahani jirani. Nachuja sauti."

"Ukimaliza nichujie na ya mume wangu, anakoroma."

Saa za mchana zilipita hivyo, mtoto begani, miguu haitulii, kwenda dirishani, kurudi, kusikiliza, kwenda tena. Kila alipopita mlango wa chumba aliuona mkoba. Mwanzo ulikuwa wazi. Baadaye ulikuwa umefungwa zipu. Mara ya mwisho ulikuwa umesimamishwa karibu na mlango, na viatu vya mama pembeni yake, vimepanguswa.

Likabaki la kutoboa. Hili alilipendea ujanja wake. Alitafuta mahali hasa mvumo ulipokuwa umekaa, akaweka tundu pale. Kisha akajua mvumo una watoto wake juu, sauti zinazoufuata kwa ngazi, akaweka tundu kwa kila mtoto, tundu jembamba, kisanduku kwa kisanduku, nyuzi zikishuka kwenye kioo kama mvua. Akabonyeza.

Mashine ilinyamaza.

Bi Waya alisimama tuli. Goti lenyewe lilisimama. Kwenye kimya kile safi aliingia mama yake, karibu, kama ameketi kwenye mkeka uleule, akaanza:

"Lala wangu..."

Na hapo neno la "lala" la pili, lile linalovutwa, ambalo ndilo lililomlaza yeye na kaka yake na paka, halikuja. Palikuwa na pumzi, pakawa na ulimi kugusa meno, pakawa na shimo. Kisha, "...unga unashuka," akasikika tena vizuri. Kisha shimo tena.

Alidhani ni uzi umekatika. Akakagua nyuzi zote kutoka juu mpaka chini. Akabadilisha spika. Akalikemea chujio kwa maneno ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia. Akayafanya matundu membamba zaidi. Mashine ikaanza kurudi kwa mbali, na ule mvuto wa mama ukarudi nao, kwa mbali vilevile. Akayapanua; vikaondoka pamoja. Vilikuwa vinaingia na kutoka vimeshikana mikono.

"Sasa wewe unamla mama yangu kwa nini?" aliliuliza chujio. Jua lilikuwa limeshainama na kesho ni Jumamosi.

Mafundi wana njia moja ya kujua chujio linatupa nini. Wanaligeuza. Badala ya kuondoa mahali pale na kuacha pengine pote, unaliambia liache mahali pale tu na kuondoa pengine pote, halafu unasikiliza takataka. Bi Waya hakuwa na la kufanya zaidi. Akaligeuza.

Maneno yote yalitoweka. Ukabaki mvumo, peke yake, mnene, wa kifuani. Na ndani ya mvumo, umelala juu yake hasa hata usingeweza kupitisha unywele katikati, ulikuwamo mvuto wa mama, laaa, unapanda nao, unatulia nao, unakwisha, unarudi.

Kijiko hakikugonga. Bilauri ilikuwa imewekwa chini. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuja polepole, miguu mitupu. Bi Waya alifikiri amechoshwa na kelele na anakuja kuzima, akanyoosha mkono kwenye kitufe. Mama aliuondoa mkono wake. Akaweka kiganja chake juu ya spika, kimelala, kama mtu anayepima homa ya mtoto, na akafumba macho. Mwili wake ulianza kuyumba, kushoto, kulia, kwa mwendo ambao Bi Waya aliujua tangu utotoni bila kujua ulitoka wapi. Ulikuwa mwendo wa kumimina gunia.

"Mama, sijaweza," alisema Bi Waya. "Nikiitoa mashine, unatoka na wewe."

Mama alicheka bila sauti, mabega tu. Akamvuta karibu.

"Ndiyo iliyokuwa ikinipa sauti," alinong'ona. "Naisikiliza, naanzia hapo. Siku umeme ukikatika sikuweza kuimba sawasawa."

"Hata nyumbani? Ulituimbia nyumbani, hakukuwa na mashine."

Mama alijigusa sikio, kisha kifua. Ilikuwa humu, ndiyo maana yake. Miaka yote ile alikuwa ameitoa kazini akaileta nyumbani, na wanawe wakalelewa juu ya mvumo wasiousikia.

Kinda alikuwa ameacha kulia. Hakuwa amelala, alikuwa ameduwaa, macho kwenye spika, mdomo wazi kama jina lake. Mama alimtazama. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alinyoosha mikono yote miwili.

Alimpokea, akamlaza kifuani, sikio la mtoto juu ya mfupa. Kiganja kimoja kikaanza kumpiga mgongoni, taratibu, sawasawa na mashine. Na mdomo wake ukafunguka, akaimba. Hakuna kilichosikika. Midomo ilisema lala wangu, ulimi ukagusa meno, koo likapanda na kushuka juu ya kovu lake, na pale pa kuvuta, mvumo ukavuta kwa niaba yake. Kinda aliinua kichwa, akautazama mdomo ule kwa makini kama anayesoma. Akainua mkono akaugusa. Kisha kichwa kikawa kizito, kikarudi kifuani, na mkono ukateleza.

Bi Waya alibaki na mikono mitupu. Kwa siku nyingi ilikuwa haijawahi kuwa mitupu mchana. Hakujua aipeleke wapi, akaanza kukunja waya ambao haukuwa na haja ya kukunjwa.

Jumamosi kaka alifika na honi, na sauti yake ikatangulia ndani kabla yake.

"Hodi humu. Mmefungua mashine ya kusaga na mimi siambiwi?"

Ting, ilisema bilauri, mara moja, kwa nguvu. Kaka alisimama mlangoni, mkono bado hewani. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mbao, kilichohamishiwa karibu na spika, na mtoto amelala kifuani, na kompyuta kuukuu dirishani inavuma na kukohoa. Kaka aliitazama kompyuta, akamtazama mama, na uso wake mpana ukabadilika polepole.

"Huo mlio," alisema, na kwa mara ya kwanza dada yake alimsikia akinong'ona. "Huo mlio naujua. Mbona unanitia usingizi?"

"Karibu kaka. Kaa," alisema Bi Waya. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama.

Kaka alikaa. Aliuona mkoba karibu na mlango, akaugusa kwa mguu, ukaanguka kwa wepesi. Hakukuwa na kitu ndani. Aligeuka akamtazama mama yake, na macho yake yalikuwa na kidonda kidogo cha mtu aliyejiandaa.

"Chumba nimeshapaka rangi, mama."

Mama alimwita kwa kidole. Kaka aliinama, lori zima la mtu, mpaka sikio lake likafika mdomoni.

"Acha ikauke kwanza," mama alimnong'oneza.

Kaka alijaribu kutocheka asimwamshe mtoto, akatoka nje kwenda kuchekea kwenye lori. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na hakusema kwa nini. Shemeji yake, fundi wa vigae, alimpa chai, akamwonya aishike mkononi.

Bi Waya alikuwa dirishani. Aliona mvumo umezidi kidogo, tena ulikuwa na mikwaruzo upande wa juu. Chujio moja la mteremko mpole lingetosha kuulainisha. Alishika kitufe, akasogeza kidogo.

Mama alifungua jicho moja, akainua kidole. Bi Waya akakirudisha kitufe kilipokuwa.